Umeridhika kwa Kiasi Gani?

4 Februari

Kwa Mkubwa wa Huduma kwa Wateja,

Salamu nyingi. Kadi yenu ya maoni imenifikia. Mmeuliza nimeridhika kwa kiasi gani na huduma ya dishi mliyonifungia, na mmeniwekea visanduku vitatu: sana, kiasi, sikuridhika. Nimetia alama kwenye "kiasi", kisha nikaona kisanduku kimebana, maneno yangu hayaenei. Nikapiga simu yenu. Nimebonyeza moja, nimebonyeza nne, nimebonyeza nyota, mkanipigia wimbo mpaka sikio likashika moto, na mtu hakuna. Basi naandika. Mimi ni mshonaji, kutwa naandika vipimo vya viuno vya watu, kalamu hainitishi.

Nianze na mazuri, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Picha ni safi. Mume wangu ni mwashi mstaafu, magoti yamemgomea, na kabla ya dishi kazi yake ilikuwa kukaa dirishani na kuniambia nani kapita na nani kanenepa. Sasa anaangalia simba wakiwafukuza swala, na mimi nashona kwa amani. Kwa hilo ahsanteni.

Mabaya ni haya. Kwanza, filamu mnarudia mno. Kuna moja nimeshaijua mpaka mlango unapopigwa teke, nainua mguu wa cherehani kabla yule bwana hajainua wake. Pili, wingu likipita tu, mtangazaji anaganda mdomo wazi kama mtu aliyesikia bei.

Tatu ni waya. Fundi mwenyewe sina neno naye. Alijipangusa miguu mlangoni, alikinga vumbi la ukuta kwa gazeti, akafagia mwenyewe bila kuambiwa. Lakini klipu za kubania waya zilimwishia, kwa hiyo kuanzia dirishani mpaka pembeni mwa ukuta waya unaning'inia. Alisema atarudi Jumamosi amalizie. Hakurudi. Kwa nini hakurudi mnajua wenyewe, sina haja ya kuwaeleza. Ila nilidhani ofisi kubwa kama yenu ingetuma japo mtu mmoja, japo wa kusimama mlangoni tu na kuvua kofia. Hakuja mtu, ikaja kadi.

Ndiyo maana nimesema kiasi.

Mteja wenu,
Mama Cherehani (ndivyo mtaa mzima unavyoniita)

*

12 Februari

Ndugu Mteja Wetu Mpendwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FUNDI KUTOKAMILISHA KAZI

Tunakushukuru kwa kuchagua huduma zetu. Maoni yako ni hazina kwetu.

Tumepokea malalamiko yako kwamba fundi aliacha waya bila kubanwa na hakurejea siku mliyokubaliana. Tumefuatilia kumbukumbu zetu na kubaini kuwa fundi huyo aliacha kazi bila taarifa wiki hiyo hiyo akiwa na vifaa vya kampuni. Ameingizwa katika orodha ya watoro na hataruhusiwa kufanya kazi nasi tena. Tunaomba radhi kwa mwenendo wake, ambao hauendani na maadili yetu.

Fundi mwingine atapangwa kukamilisha kazi. Kama ishara ya kukujali, tumekufungulia chaneli zote za filamu kwa mwezi mmoja.

Furaha yako ndiyo fahari yetu.

Ofisa Huduma kwa Wateja

*

15 Februari

Wewe Ofisa,

Mtoro?

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nikidhani miwani imenidanganya. Nikamsomea mzee. Alizima televisheni. Tangu dishi lifungwe hajawahi kuizima mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri. Huyo mtoro wenu ni mwanangu. Ni kitinda mimba wangu, mafundi wenzake walikuwa wakimwita Buibui kwa jinsi anavyopanda ukuta. Dishi hili alitufungia yeye kwa mikono yake, mimi na baba yake, siku yake ya mapumziko. Nilidhani mnajua! Nilidhani mtu akifa akiwa amevaa fulana yenye jina lenu kifuani, mtajua. Mimi nikawa nawaandikia kwa mafumbo ya kistaarabu, kama tunavyosemaga mambo ya misiba, kumbe naongea na ukuta.

Hakutoroka. Ameanguka. Sisi alitufungia Jumanne, na Alhamisi mkamtuma kwa mteja mwingine, peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na sakafu ya uani ni ya vigae. Unajua kazi hiyo inavyofanywa, au wewe unaijua kwenye kompyuta tu? Fundi yuko juu anasogeza dishi kidogo kidogo. Anapiga kelele, "Imeshika?" Aliye ndani mbele ya televisheni anamjibu, "Bado!" Anasogeza tena. "Imeshika?" "Bado!" Mpaka picha itokee. Hapa kwetu mimi nilikuwa ndani najibu, na baba yake alikuwa chini ameishika ngazi kwa mikono miwili, na magoti yake hayo. Alimuuliza, "Huko kwa watu ngazi anakushikia nani?" Mtoto akacheka, akasema, "Baba, ngazi inajishika yenyewe."

Kule, mwenye nyumba alikuwa peke yake, na yuko ndani anaangalia kioo. Alikuja mwenyewe kutueleza, mama wa watu, analia kuliko sisi. Alisema alimsikia akiuliza, "Imeshika?" Akajibu bado. Akauliza tena, akajibu bado. Kisha picha ikatokea, nzuri kabisa, akapiga kelele, "Imeshika!" na hakujibiwa.

Chaneli zenu za filamu zifungeni. Fundi mwingine msilete. Mzee amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Dishi hili limefungwa na mtoro. Wamtafute mtoro wao aje alifungue." Mpaka jina la mwanangu litoke kwenye hiyo orodha, hakuna mkono utakaoligusa.

Mama yake

*

21 Februari

Mama,

Shikamoo.

Barua hii naandika kwa mkono kwa sababu ile nyingine sikuiandika. Ile ipo tayari kwenye kompyuta, nachomekea jina la kosa tu na kubonyeza. Nilichomeka neno "mtoro" saa tano asubuhi huku nakunywa chai, nikaendelea na barua nyingine. Pole sana, mama. Mpe pole na baba. Sijui kama pole ya mtu usiyemjua inafaa kitu, lakini ninayo moja tu.

Sikujua. Hapa ofisini hakuna aliyejua, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mafundi hawaajiriwi na sisi, wapo chini ya wakala, na wakala hutuletea majina ya walio kazini na wasio kazini kila mwisho wa wiki. Nilimpigia. Nilimuuliza kwa nini alimwandika marehemu kuwa mtoro. Akaniambia, "Dada, hakuja kazini, simu haipatikani, na mkoba wangu wa vifaa anao. Mimi ningemwandika nani?" Nikamwambia amefariki. Akasema, "Buibui?" Nikasikia amekaa.

Nilikwenda kulifuta lile neno siku hiyo hiyo. Halifutiki. Kompyuta ina sehemu tatu tu: yupo kazini, amesimamishwa, ametoroka. Aliyeitengeneza hakufikiri kwamba fundi anaweza kufa. Msimamizi wangu anasema ili jina litolewe inatakiwa nakala ya cheti cha kifo, na mkoba urudishwe, hasa kile kipimo cha mawimbi. Nimeona haya kukuandikia sentensi hiyo. Nimeiandika kwa sababu bila hivyo vitu viwili hawatanisikiliza.

Kama mkoba mnao, nitumie. Nami nitapigana humu ndani kadiri ya urefu wa mkono wangu, ambao si mrefu.

Mimi mwanao,
binti wa dirisha la malalamiko

*

2 Machi

Mwanangu wa dirishani,

Marahaba. Pole yako imefika. Nimemsomea mzee, naye aliomba nirudie pale wakala alipokaa.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu ya huo mkoba. Ninao. Yule mama alituletea pamoja na viatu. Tangu hapo uko chini ya meza ya cherehani, na nikishona mguu wangu unaugusa. Umechakaa, mshipi wake nilimshonea mimi kwa uzi wa turubai maana aliukata mara mbili. Nilijiambia wakija kuuchukua nitawapa. Wiki zikapita, hawaji, nikaanza kuuona wangu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini jina ni la mwana mwenyewe, siwezi kulikalia mimi kwa ajili ya mkoba. Nimempa jirani yangu anayefanya kazi karibu na ofisi yenu akuletee, na cheti kimo ndani kwenye bahasha. Hesabuni. Kipimo kipo, spana zipo, nyundo ipo, koleo lipo. Nimevipangusa vyote kwa kitambaa.

Kimoja nimekitoa na sitakirudisha. Kwenye mfuko wa pembeni kulikuwa na pakiti ya klipu za waya, mpya, haijafunguliwa. Ni nyeupe. Ninyi ukutani mnabania nyeusi, najua, nimeona kwa majirani. Mimi ndiye niliyemwambia siku ile zilipomwishia, "Klipu nyeusi kwenye ukuta wangu mweupe zitakaa kama nzi." Akanitania kwamba wateja washonaji ndio wenye nongwa kuliko wote. Na kumbe alikwenda kununua nyeupe. Hizo si za wakala, wala si za kampuni. Usibishane nami kwa hilo.

Habari ya dishi: mvua ya wiki iliyopita imelisogeza. Picha hakuna, kioo kimeandika "hakuna mawimbi" na hayo maandishi yanazunguka pole pole toka pembe hii hadi ile. Mzee anayatazama hayo hayo. Nilimwambia tuite fundi tu, mume wangu, utapofuka. Akanijibu mpaka aone karatasi. Ana kiburi, na safari hii niko upande wake. Hata nani kanenepa haniambii tena.

Nina ombi lingine moja. Waambie wakubwa wako mafundi wawe wanakwenda wawili wawili. Mmoja apande, mmoja ashike ngazi. Sihitaji jingine.

Mama Cherehani

*

11 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na baba pia.

Mkoba umefika salama. Wakala alikuja mwenyewe kuuchukua. Alipoona umepanguswa aliondoka nao ameukumbatia kifuani badala ya kuutundika begani. Habari ya klipu hakuuliza.

Sasa nikueleze nilichokipata na nilichokikosa, bila kukuficha, maana nilishakuficha vya kutosha kwa maneno matamu ya kompyuta.

Neno "mtoro" limetoka. Kijana wetu wa mitambo aliongeza sehemu ya nne, na jina la mwanao ndilo la kwanza kuandikwa humo: "Marehemu". Karatasi yenye mhuri nimeiambatisha, baba aisome kwa macho yake. Mimi nilitaka iandikwe "Amefariki akiwa kazini". Nilibishana mpaka msimamizi akaniambia nikiendelea nitatafuta na mimi kazi nyingine. Anasema neno "kazini" lina maana nyingine mahakamani. Kwa hiyo halimo. Nilirudi mezani kwangu nikalia, mama, halafu simu ikaita nikasema, "Karibu, nikusaidie nini?" kwa ile sauti yetu ya kutabasamu.

La mafundi wawili wawili wamelikataa. Wamesema wakala ndiye anayepanga, na wakala anasema kampuni ndiyo inayopanga. Nimewazunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya duara.

Lakini kuna jambo dogo. Kila mteja anayepangiwa fundi hutumiwa ujumbe wa simu siku moja kabla. Ujumbe huo naandika mimi. Hakuna anayeusoma humu ndani, wanaangalia tu kama umekwenda. Tangu wiki iliyopita nimeongeza sentensi moja mwishoni. Sikuomba ruhusa. Wakigundua watanifukuza au watajisifu kwamba ni wazo lao, mojawapo.

Kama baba ataridhika na karatasi, nijulishe kwa huyo huyo jirani nimpange fundi. Kuna mmoja alijifunza kazi kwa Buibui. Ameniomba yeye mwenyewe aje, nami nimemwambia si mimi wala yeye, ni wazee waamue.

Mwanao wa dirishani

*

24 Machi

Mwanangu,

Nakujibu kwa kirefu, nimesimamisha nguo ya bibi harusi kwa ajili yako, na mwenyewe yuko hapa kwenye benchi amenuna.

Karatasi mzee aliisoma. Aliishika mbali, akaileta karibu, akapitisha kidole kwenye mhuri kama anapima plasta imekauka. Nikamweleza habari ya lile neno "kazini" lililokosekana. Nilidhani atachachamaa. Akasema, "Sisi tunajua alikuwa wapi." Akaikunja, akaitia mfukoni, na mfukoni ndimo ilimo mpaka leo, hata nikitaka kufua shati naitoa na kuirudisha. Kesho yake asubuhi akaniambia nimwite jirani, fundi aje.

Ujumbe wenu uliingia jioni. Nilimsomea: "Mteja wetu mpendwa, fundi atafika kesho asubuhi. Hakikisha kuna umeme. Tafadhali mshikie fundi ngazi." Akaniambia, "Soma tena." Nikasoma. "Mwisho tu." Nikasoma mwisho. Asubuhi nikamkuta amevaa viatu vyake vya kazi, vile vya uashi, ambavyo hajavaa tangu astaafu, na amekaa navyo mbele ya kioo kisicho na picha.

Fundi alikuja, mnene wa miraba minne, sikutegemea mtu kama yule apande kitu. Alijipangusa miguu mlangoni. Alikinga vumbi kwa gazeti. Nikajua kafundishwa na nani, nikaenda jikoni kwanza nikasimama kidogo. Klipu nyeupe nilimpa mimi. Hakuuliza, alizibania moja moja kuanzia dirishani hadi pembeni, zimenyooka kama mshono. Waya hauning'inii tena. Nitakuambia ukweli, nilikuwa nimeuzoea. Ulikuwa ukigonga ukuta kwa upepo, na mimi nilikuwa nikiusikia nasema moyoni, atakuja kuumalizia. Sasa hakuna kinachogonga.

Kadi yenu ya maoni imekuja tena, kompyuta zenu hazichoki. Umeridhika kwa kiasi gani? Nimetia alama pale pale pa mwanzo, usiudhike. Picha ni safi, filamu mnarudia, karatasi ina neno moja pungufu, na mwanangu hayupo. Kiasi, mwanangu. Ila pembeni, nje ya kisanduku, nimeandika kuwa mwenye dirisha la malalamiko apewe heshima yake. Wakikusumbua kwa ile sentensi, waonyeshe mteja mmoja aliyeisifu kwa maandishi.

Nimebakisha jambo moja, na ndilo lililonifanya niiache nguo ya watu.

Yule fundi alipopanda juu, mzee aliishika ngazi. Mimi nikabaki ndani mbele ya kioo, maana hapakuwa na mwingine. Nikamsikia kule juu: "Mama, imeshika?" Sauti si ya Buibui wangu, lakini maneno ni yale yale, na dari ni ile ile. Akauliza tena. Kioo kilikuwa bado kitupu na mimi sikuweza hata kusema bado. Mzee ndiye aliyenigombeza kutoka nje, "Mjibu mtoto wa watu, yuko juu!" Nikasema bado. Nikasema bado tena. Kisha picha ikaja, nyeupe, halafu rangi, watu wanacheka sijui kwa nini, na nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Imeshika, mwanangu! Shuka! Shuka pole pole!"

Nikatoka mbio uani. Alikuwa ameshashuka, yuko bombani ananawa mikono. Na mume wangu yuko pale pale ameikamata ngazi tupu kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa, machozi yanamshuka na hana mkono wa kuyafuta. Yule kijana akamwambia, "Baba, nimeshafika chini."

Mzee akasema, "Najua." Na hakuiachia.

Mama yako,
Mama Cherehani